Uliza Fundi: Mbona Saa Zangu Hazikubaliani?

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba kila kifaa kinachoongea bila waya kina saa yake ndani na hiyo saa itakimbia au itachelewa, upende usipende. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja za sensa, za kamera za kanisa, za saa ya ukutani, hadi ya mlingoti wa simu. Nimechukua hizi chache, wengine mnivumilie.

SWALI: Fundi, sasa? Mimi nafunga sensa za kupima maji kwa matangi ya ploti, Rongai na Kitengela. Kila tangi iko na bodi ndogo ya kompyuta ya ESP32, moduli ya LoRa (redio ya kutuma mbali) na ile moduli ya saa ya DS1307 ya bei rahisi pale Luthuli. Inalala dakika kumi, inaamka, inatuma kiwango cha maji kwa kituo kimoja kiko kwa nyumba ya keateka, inalala tena. Ili zisigongane hewani nilizipangia zamu, ya kwanza inaongea sekunde ya 0, ingine sekunde ya 5, ingine ya 10, hivyo hivyo. Saa nilizisetia zote siku moja na laptopu yangu. Siku ya kwanza poa kabisa, lakini wiki haijaisha ujumbe wa tangi zingine unapotea siku nzima halafu unarudi wenyewe, na zile zinafika saa zake hazieleweki, ati pampu imewaka kabla tangi haijaisha maji. Keateka anasema mashini yangu ni ya uongo. Ninunue bodi za bei?
– Mfunga matangi, Rongai

FUNDI: Bodi za bei wacha kwanza, na keateka mwambie mashini si ya uongo, ni saa tu. Shida imejificha kwa yale maneno yako "siku moja". Kusetia saa na kusinki saa ni kazi mbili tofauti. Kusetia unafanya ukiwa na laptopu mkononi, unafunga boksi, unashuka ngazi umemaliza. Kusinki ni kazi ya kila siku, kifaa kinamuuliza mkubwa wake ni saa ngapi sai, kinajirekebisha, baadaye kinauliza tena, na haiishi mpaka betri iishe.

Hiyo DS1307 yako inahesabu muda kwa kutumia kristali kadogo kanakotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ilichaguliwa juu ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na moja, yaani mpigo mmoja kwa sekunde, na kugawa kwa mbili ni kazi nyepesi sana kwa chipu. Lakini hakuna kiwanda kinachokata kristali mbili zikafanana kabisa. Za kawaida zinauzwa zikiwa na kosa la hadi sehemu 20 kwa milioni, mbele au nyuma. Inasikika kama si kitu, lakini siku ina sekunde 86,400, kwa hivyo hapo una sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika nzima kwa mwezi. Halafu ongeza jua. Kristali za aina hii hutengenezwa ziwe sawa kwenye nyuzi 25 hivi, na ukitoka hapo, iwe baridi iwe joto, zinachelewa tu, na tofauti ya joto ikizidi mara mbili kuchelewa kunazidi mara nne. Sasa boksi lako liko juu ya paa Kitengela saa saba mchana, ndani nyuzi 45 si ajabu, hapo umepoteza karibu sehemu 14 zingine kwa milioni, na wakati huo tangi ya ploti ya pili iko kivulini haina habari.

Chukua matangi mawili, moja inakimbia na ingine inachelewa, tofauti yao sehemu 40 kwa milioni. Hiyo ni sekunde 3.5 kwa siku, na zamu zako zimeachana sekunde 5 peke yake. Kama umeweka LoRa kwa SF12, ile spidi ya polepole kabisa, ndio ifike mbali, ujumbe wa baiti 20 unakaa hewani sekunde 1.3. Siku ya kwanza hazigusani. Siku ya pili zinaanza kukanyagana. Na hapa ndipo mafundi wengi wanapotea: zikishakutana haziachani haraka, maanake kila dakika kumi zinasogeana milisekunde 24 tu, kwa hivyo yale matangi mawili yatakanyagana kila yakiamka kwa karibu masaa 18 mfululizo, kisha yanapitana na mambo yanakuwa sawa yenyewe. Wewe hapo umeshapanda paa, umekagua waya, umebadilisha antena, na kwa vile yamepona unaamini ni antena ndiyo ilikuwa mbovu. Kukutana kwa bahati mbaya mara moja moja hakungekuuma hivyo, kinachokuuma ni kwamba zamu zako zimepangwa sawasawa sana na hakuna kinachozivuruga.

Kwa hivyo anza na kitu cha bure. Dakika kumi ina zamu ishirini za sekunde 30, na sidhani kama una matangi ishirini kwa kituo kimoja. Panua zamu. Kosa la sekunde 3 au 4 kwa siku halitakusumbua, mradi kuna mtu wa kulirudisha sifuri kila siku.

Huyo mtu ni kituo chako. Kituo kiko na stima na intaneti, basi kichukue saa mtandaoni, na mara moja kwa siku, sensa ikishatuma kiwango cha maji, isizime redio hapo hapo, ingoje kidogo, kituo kiijibu "sai ni saa fulani". Angalia vitu viwili hapo. Cha kwanza, hiyo saa iandikwe mwisho kabisa ujumbe ukitoka, sio mapema programu ikiwa bado inapanga foleni ya kazi zake, na muda wa ujumbe kuwa hewani uuongeze. Kwa SF12 ni ile sekunde 1.3, kwa SF7, ile ya haraka, ujumbe huo huo ni milisekunde 57, na yote inahesabika kabla, haibadiliki badiliki, kwa hivyo ni ya kujumlisha tu. Ukisahau kuijumlisha kila tangi itakuwa nyuma kwa kiasi hicho milele na utashangaa.

Cha pili, usirekebishe saa halafu utupe ile tofauti. Iandike. Ukiziweka za siku kadhaa utagundua tangi ya ploti ya kwanza hupoteza karibu kiasi kile kile kila siku, labda sekunde 1.9, na ya pili huzidi 0.8, kila kristali na tabia yake. Ukishajua tabia, sensa inajirekebisha yenyewe hata kabla ya kuuliza, na intaneti ya keateka ikikatika wiki nzima bado uko salama. Hii si hekima yangu, mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt kule Marekani walitoa njia inaitwa FTSP inayofanya haya mawili pamoja, kupiga muhuri wa saa pale pale kwenye redio na kuchora mstari wa tabia ya kila kristali, na vifaa vyao vidogo vya betri vikafika kosa la maikrosekunde chache tu. Wewe huhitaji maikrosekunde. Maji hayapandi kwa maikrosekunde.

Na ile ya pampu kuwaka kabla tangi haijaisha, hapo hata usisinki kitu. Usiamini saa ya sensa, acha kituo ndicho kipige muhuri ujumbe ukifika, kisha kitoe muda wa hewani. Saa moja ikihukumu matukio yote, ya kwanza itakuwa ya kwanza. Saa mbili zikihukumu, tukio lililotangulia kwa sekunde mbili linaweza kuandikwa la pili, ndio hiyo keateka aliiona.

Ukipata pesa baadaye badilisha DS1307 uweke DS3231, hiyo inajipima joto na kujirekebisha, kosa lake ni sehemu 2 kwa milioni kati ya nyuzi 0 na 40, yaani dakika moja hivi kwa mwaka mzima. Soma chipu vizuri kabla ulipe, ile imeandikwa DS3231M ni ya sehemu 5, si mbaya lakini usiuziwe kwa bei ya nduguye. Na wacha kabisa kutegemea saa ya ndani ya ESP32 ikiwa imelala bila kristali ya nje, hiyo huhesabu kwa saketi inayoyumba na joto vibaya sana, hata ikikosea sehemu 1 kwa 1,000 ni sekunde 86 kwa siku.

SWALI: Mwalimu Fundi, nasoma dipuloma ya elektroniki huku Kabete. Lekchara alisema simu na kompyuta zinauliza saa kwa intaneti. Sasa mimi najiuliza, bandu zetu za usiku zikiwa slo ujumbe unaweza kuchukua hata nusu sekunde njiani, ukifika na jibu "ni saa nne kamili" si hiyo saa nne imeshapita? Na earphone za Bluetooth nazo zinauliza nani?
– Mwanafunzi, Kabete

FUNDI: Swali zuri hili, kijana, lekchara wako angekuongezea maksi.

Tuseme uko Githurai, saa yako huiamini, unatuma mtoto na matatu aende tao aangalie saa ya ofisi fulani arudi. Akirudi anakwambia alifika saa ngapi ya ofisi na akatoka saa ngapi. Wewe unajua kwa saa yako alitoka lini na amerudi lini. Ukitoa muda aliokaa ofisini, unapata muda wa barabarani, unaugawa mara mbili, na unajua alikuwa ofisini saa ngapi ya kwako. Linganisha na ya ofisi, tofauti ndiyo kosa lako. Wala haijalishi safari ilikuwa ndefu. Inayokuharibia ni kama kwenda alipata jam ya Thika Road na kurudi barabara ilikuwa wazi, juu wewe umegawa nusu kwa nusu.

Sasa kwa namba. Simu yako inatuma ikisoma sekunde 0.000. Seva inapokea kwa saa yake 0.350 na kujibu 0.351. Simu inapata jibu ikisoma 0.101. Safari nzima ni 0.101 ukitoa ile 0.001 ya seva, yaani milisekunde 100, nusu yake 50. Wakati seva inapokea, simu ilikuwa inasoma 0.050, seva ikasoma 0.350, basi simu iko nyuma milisekunde 300. Hiyo ndiyo NTP, ile njia ya kuuliza saa kwa intaneti, vipimo vinne tu vya saa vya kulinganisha. Lakini kama kweli kwenda kulichukua 80 na kurudi 20, umekosea milisekunde 30, nusu ya ile tofauti, na hakuna hesabu ya upande wako peke yako inayoweza kuligundua hilo. Ndio maana programu nzuri inauliza seva kadhaa, inauliza mara nyingi, na inaamini zaidi majibu yaliyorudi haraka, kwa sababu safari fupi haina pahali pa kuficha jam. Ukitaka kujaribu kwa laptopu yako, seva za ke.pool.ntp.org ziko karibu kuliko za Ulaya, na ukaribu hapo unasaidia.

Aliyeitengeneza ni David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, maelezo yake ya kwanza rasmi yalitoka 1985. Mzee amefariki Januari 2024, na karibu kila kompyuta unayoona mjini bado inauliza saa kwa njia yake.

Vifaa vya karibu karibu havina haja ya hizo hesabu zote. Ruta ya Wi-Fi inatangaza saa yake kama mara kumi kwa sekunde, kwa kawaida kila milisekunde 102.4, na kila simu iliyoshika hiyo Wi-Fi inanakili tu, maanake mita kumi kwa redio ni kama hakuna umbali. Hiyo saa haijui kama ni mchana ama usiku, inahesabu tu maikrosekunde tangu ruta iwake, na inatosha kwa kupanga nani alale na nani aamke.

Earphone zako ndizo zinanifurahisha. Bluetooth ya kawaida inaruka masafa mara 1,600 kwa sekunde kati ya chaneli 79, kwa hivyo earphone na simu lazima ziruke pamoja, kila maikrosekunde 625, ikikosea hatua haisikii kitu. Lakini earphone haigusi saa yake hata kidogo. Inaacha iende venye inaenda, inakumbuka tu tofauti kati yake na simu, na kila ikisikia simu inarekebisha hiyo tofauti. Yule mfunga matangi wa juu asome hapa pia, kutunza tofauti mara nyingi ni salama kuliko kurudisha saa nyuma, juu ukirudisha saa nyuma kuna sekunde zitatokea mara mbili kwa rekodi zako.

SWALI: Bwana asifiwe Fundi. Mimi niko kwa kikundi cha midia kanisani, Umoja. Tunarekodi ibada na kamera mbili na simu moja, sauti tunachukua na rekoda iliyounganishwa na mikisa. Mwanzo tunapiga makofi mbele ya kamera ndio tulinganishe tukiediti. Dakika za kwanza midomo na sauti ziko pamoja, lakini pasta akifika mwisho wa mahubiri anaongea kabla hajafungua mdomo. Wengine wanasema ni maiki za bila waya zinachelewesha. Ni kweli?
– Media, Umoja

FUNDI: Amen. Maiki mziachilie, hazina hatia. Ukumbuke hivi: kosa ambalo liko vile vile mwanzo mpaka mwisho ni ucheleweshaji wa njia, na hilo maiki au spika inaweza kulileta. Kosa linaloanza sifuri na kukua polepole ni saa mbili zinaachana. Lenu linakua.

Rekoda yenu inachukua sampuli 48,000 kwa sekunde kulingana na kristali yake, kamera nayo kulingana na yake. Kosa la sehemu 20 kwa milioni ni kama sampuli moja kila sekunde, hakuna sikio linajua. Lakini ibada ya Umoja si ya dakika kumi. Vifaa viwili vikiachana sehemu 40 kwa milioni, ikifika saa moja na nusu mmeachana milisekunde 216, na kwa video ya fremu 25 kila fremu ni milisekunde 40, kwa hivyo ni zaidi ya fremu tano. Vipimo vya ITU, shirika la mawasiliano la kimataifa, vinasema mtazamaji anaanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa anavumilia mpaka karibu 125. Hiyo inaeleweka, maisha yote tumezoea sauti kuchelewa, aliyekaa mita 34 nyuma kanisani anasikia pasta milisekunde 100 baadaye na halalamiki. Sauti kutangulia mdomo ndiyo hatujaizoea, ndiyo maana yenu inaudhi.

Pigeni makofi na mwisho pia, baada ya baraka kabla watu hawajatoka. Mkiediti, linganisheni ya mwanzo, kisha mnyoshe au mbane sauti kidogo mpaka ya mwisho ikae sawa. Programu nyingi za kuediti zinabadilisha urefu bila kubadilisha sauti ya mtu, na kwa kiasi kidogo hivyo hata mwenye sikio la kwaya hatajua. Mkisahau makofi ya mwisho tafuteni ngoma yoyote iliyopigwa mbele ya kamera.

Vile viboksi vya taimukodi vinavyouzwa vinasaidia kupanga klipu, lakini msiuziwe mkiamini vinaponya kila kitu. Vingi vinaandika saa kwenye klipu tu, kristali ya kamera inaendelea na mwendo wake, isipokuwa kamera iwe na sehemu ya kuingiza saa ya nje na mjue kuitumia. Kwa kanisa letu la kawaida makofi mawili yanatosha.

Ile simu ndiyo ya kuangalia zaidi. Simu nyingi hazishiki fremu sawasawa, taa ikipungua zinapunguza fremu, ikiongezeka zinaongeza, na hapo hakuna kunyosha kutakusaidia kwa sababu kosa halikui kwa mstari, linayumba. Tafuta apu ya kamera inayofunga fremu 25, au kwanza geuza hiyo video iwe ya fremu zisizobadilika ndio uanze kuediti. Mngeniambia mnaweka simu upande wa madirisha ningesema jibu lote ndilo hilo.

SWALI: Habari yako Fundi. Shemeji yangu anakaa Ujerumani, alituletea saa ya ukutani, kwa boksi imeandikwa inajiseti yenyewe na redio. Tangu tuitundike South B inaonyesha vile inataka, usiku mishale inazunguka yenyewe watoto wanaogopa. Imeharibika njiani?
– Mama wa South B

FUNDI: Mama, haijaharibika, inatafuta kwao. Saa hizo zinasikiliza kituo kinaitwa DCF77, kiko Mainflingen karibu na Frankfurt, kinatuma saa kwa masafa ya 77.5 kHz, kidogo kidogo, biti moja kwa sekunde mpaka dakika nzima iishe ndio tarehe na saa zikamilike. Kinasikika kama kilomita 2,000 hivi. Nairobi iko zaidi ya 6,000. Usiku ndio saa inajaribu sana, kwa hivyo mishale inazunguka kutafuta halafu haipati, na betri inaisha bure.

Tafuteni nyuma kitufe cha kuzima kupokea redio, museti kwa mkono kama saa yoyote. Zingine hazina hicho kitufe, hizo mtapambana nazo. Na hata ingesikika isingewafaa, maanake ingeonyesha saa ya huko, masaa mawili nyuma yetu wakati wa baridi yao na moja wakati wa joto, juu wao wanasongesha saa mara mbili kwa mwaka na sisi hatuna hiyo tabia.

SWALI: Niko na saiba Ruiru. Stima ikipotea kompyuta moja inarudi tarehe ya zamani, kisha inakataa kufungua mitandao ati si salama. Na kasitoma akijaribu kuingia akaunti zile namba sita za simu yake zinakataliwa, ingawa ni zake kweli. Ni virusi?
– Saiba, Ruiru

FUNDI: Si virusi. Kompyuta fungua ubadilishe ile betri ya mviringo ya CR2032 kwenye bodi, imekufa. Mitandao inakataa kwa sababu kila cheti cha usalama kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta yako ikiamini iko miaka ya nyuma, inaona vyeti vyote bado havijaanza kufanya kazi.

Zile namba sita ni shida ya simu ya kasitoma. Simu na seva haziongei hata kidogo kuzitengeneza, kila moja inachukua siri waliyopeana siku ya kwanza, inaichanganya na saa ya sasa, na kila sekunde 30 zinapata namba mpya. Saa zikiachana dakika moja au mbili, namba zinaachana. Mwambie aende kwa setingi arudishe tarehe na saa zijiseti zenyewe. Uliza kama ana watoto nyumbani, kuna gemu ukisongesha saa mbele unapewa maisha ya bure, na wao hawakumbuki kurudisha.

SWALI: Shikamoo mzee Fundi. Hapa Pipeline juu ya ghorofa yetu kuna mlingoti wa simu, na kando yake kuna kitu kidogo cheupe kama uyoga kimeangalia juu. Wapangaji wanasema ndicho kinachochoma watu. Landlodi naye anataka kuongeza floo ingine pale pale. Hicho kitu ni cha nini?
– Mpangaji, Pipeline

FUNDI: Marahaba. Huo uyoga hauchomi mtu wala hautoi mawimbi yoyote, unasikiliza tu. Ni antena ya GPS, na mlingoti hauhitaji GPS ujue uko wapi, haujawahi kuhama. Unahitaji saa.

Mitambo mingi ya 5G, na ya 4G ya aina fulani, inatuma na kupokea kwa masafa yale yale kwa zamu, kidogo inaongea, kidogo inanyamaza isikie simu zenu. Milingoti yote ya jirani lazima iongee pamoja na inyamaze pamoja. Mmoja ukiongea wakati mwenzake anasikiliza, nguvu yake inafunika kabisa hizo simu dhaifu za mfukoni. Kiwango kinachotakiwa ni kila mlingoti usiachane na saa ya pamoja kwa zaidi ya maikrosekunde 1.5, na kuufikia kwa NTP, ile niliyomweleza mwanafunzi, kwa intaneti ya kawaida ni ndoto. Kwa maikrosekunde moja redio inasafiri mita 300, yaani ukubwa wa kosa lenyewe ni mtaa mmoja wa Pipeline.

Setelaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu, kila moja imebeba saa za atomiki, na hizo zimerekebishwa kabisa maana kule juu saa inakimbia maikrosekunde 38 kwa siku kuliko yetu hapa chini, na kwa muda huo redio inasafiri kama kilomita 11. Kupata mahali ulipo unahitaji setelaiti nne. Mlingoti ukishajua uko wapi, setelaiti moja tu inatosha kuupa saa, na ndio maana uyoga unavumilia majengo ya Nairobi kuliko unavyodhani.

Lakini unahitaji kuona anga. Landlodi akijenga floo juu yake na kuuziba, mlingoti hauzimiki hapo hapo, unabaki na kristali yake ya ndani, ile nzuri inayopashwa joto ndani ya boksi isiyumbe, na unaweza kushikilia masaa kadhaa. Baadaye unaachana na wenzake, mtambo unajinyamazisha usiharibie majirani, ama kama kuna faiba inapokea saa kwa waya kwa njia inaitwa PTP. Kwa hivyo kabla fundi wa mawe hajaanza kupandisha tofali, landlodi apigie mwenye mlingoti simu, uyoga una waya wake na unaweza kuhamishwa juu ya floo mpya.